Kutumia Kamusi Elezo za Bure za Falsafa Mtandaoni: Pa Kuanzia, Namna ya Kusoma na Namna ya Kunukuu

Ukiandika jina la Plato kwenye Google utaletewa kurasa nyingi kuliko unavyoweza kusoma katika umri wako wote, na sehemu kubwa ya kurasa hizo zimenakiliana bila hata kusahihishana makosa. Mtu anayesoma falsafa akiwa mbali na maktaba kubwa anahitaji kujua mahali pachache panapoaminika, kazi ya kila mahali, na njia ya kutoka hapo kwenda kwenye kitabu chenyewe kinachozungumziwa. Maelezo yafuatayo yanahusu mahali hapo pachache. Pote ni pa bure kwa msomaji wa kawaida, pote panafunguka kwa simu, na karibu pote panatumia Kiingereza, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu linabadilisha kabisa namna ya kutafuta.

Zipo kamusi elezo mbili ambazo kila mwanafunzi wa falsafa anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Stanford Encyclopedia of Philosophy, inayopatikana kwa anwani ya plato.stanford.edu. Ilianzishwa mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani chini ya uhariri wa Edward Zalta, ikiwa na makala mbili tu, na leo ina makala zaidi ya 1,700. Kila makala ina mwandishi anayejulikana kwa jina, ambaye ni mtaalamu wa mada hiyo, na hupitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuwekwa hadharani. Gharama zake hulipwa kwa sehemu na mfuko wa kudumu uliochangiwa na maktaba za vyuo vya nchi mbalimbali, na ndiyo maana hukutani na matangazo ya biashara wala ukurasa unaokudai nambari ya kadi ya benki. Ya pili ni Internet Encyclopedia of Philosophy, yenye anwani ya iep.utm.edu, iliyoanzishwa na James Fieser mwaka huohuo wa 1995 na kulelewa katika Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Martin. Nayo hupitisha makala zake kwa wahakiki, ingawa waandishi na wahariri wake hufanya kazi kwa kujitolea.

Wengi huzichukulia hizi mbili kama pacha, na hapo ndipo wanapoanza kupoteza muda. Makala za Stanford huandikwa kwa kudhani kwamba msomaji ameshakaa darasani muhula mmoja au miwili. Zinaingia moja kwa moja kwenye mabishano ya wataalamu, na katika mada za mantiki huweza kukumwagia alama za kihisabati ukurasa mzima. Makala za ile ya pili kwa kawaida humshika msomaji mkono kidogo zaidi. Kwa hiyo, kama mada ni ngeni kabisa kwako, anza na Internet Encyclopedia, kisha hamia Stanford ukiwa tayari unajua ni nani anabishana na nani. Ikiwa hata Internet Encyclopedia inakulemea, na hakuna aibu katika hilo, ipo tovuti ya 1000-Word Philosophy, iliyoanza mwaka 2014, ambayo kila insha yake ina maneno yapatayo elfu moja na imeandikwa kwa ajili ya mtu asiyejua chochote. Insha hizo hazitoshi kuandikia kazi ya chuo, lakini zinatosha kukuondolea woga.

Makala ya Stanford haisomwi kama hadithi

Makala moja ya Stanford huweza kupita maneno 10,000 kwa urahisi. Anayeifungua kwenye simu na kuanza kusoma neno la kwanza akikusudia kufika la mwisho, mara nyingi huishia katikati, akiwa amechoka na hakumbuki alichokuwa anakitafuta. Njia inayofaa ni kuikagua kwanza, kama fundi anavyozunguka gari kabla ya kufungua boneti.

Chini ya kichwa cha makala kuna tarehe. Wakati mwingine ni moja, yaani siku ilipochapishwa kwa mara ya kwanza, na wakati mwingine ni mbili, ya pili ikionyesha siku ilipofanyiwa marekebisho makubwa. Tarehe hizi zina maana. Makala juu ya Aristotle iliyorekebishwa miaka kumi iliyopita huenda bado ni nzuri sana, ila makala juu ya maadili ya akili unde yenye umri huohuo imepitwa na mambo mengi. Baada ya tarehe, teremka hadi mwisho kabisa wa ukurasa ulione jina la mwandishi, kisha urudi juu. Jina hilo litakusaidia kwa sababu waandishi wa kamusi elezo hizi ni washiriki katika mijadala wanayoieleza. Wanajitahidi kutenda haki kwa pande zote, lakini mtu aliyetumia miaka ishirini kutetea msimamo fulani hawezi kuuficha kabisa, na ni vema ujue unasikiliza sauti ya nani.

Kisha soma utangulizi, ambao huwa na aya chache zilizowekwa kabla ya orodha ya yaliyomo. Ni sehemu iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko zote, kwani hapo mwandishi hulazimika kusema mada ni nini, kwa nini watu wanabishana, na yeye atapita njia ipi. Baada ya hapo pitia orodha ya yaliyomo, chagua sehemu moja tu inayogusa swali lako, ubonyeze na kuisoma kwa kalamu mkononi. Nasema moja kwa makusudi, kwa sababu sehemu nyingine utazirudia wewe mwenyewe pindi hiyo moja itakapokushinda kuielewa bila hizo.

Mwishoni mwa makala kuna bibliografia, na chini yake kuna orodha ya makala nyingine zinazohusiana na hiyo. Bibliografia ya makala ya Stanford, kwa maoni yangu, ina thamani sawa na makala yenyewe. Mwanafunzi ambaye maktaba ya chuo chake ina rafu mbili tu za falsafa anapata hapo, bila kulipa senti, orodha iliyochujwa na mtaalamu ya vitabu na makala ambazo kila mtu katika uwanja huo anapaswa kuzijua.

Mfano: je, mzee asiyejua kusoma anaweza kuwa mwanafalsafa?

Tuchukue swali hili, ambalo mwanafunzi wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anaweza kupewa wakati wowote, tulifuate hatua kwa hatua.

Kosa la kwanza lingekuwa kuliandika swali lilivyo, kwa Kiswahili, katika kisanduku cha kutafutia cha Stanford. Halitaleta kitu. Lazima ujiulize swali hili linaitwaje katika lugha ya wataalamu wanaoandika kwa Kiingereza, na kama hujui, tafuta jina la mtu aliyehusika nalo, kwa kuwa majina ya watu hayatafsiriwi. Mtu huyo ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, ambaye kuanzia miaka ya 1970 aliongoza mradi wa kuwahoji wazee wa vijijini nchini Kenya waliosifika kwa hekima. Andika “Oruka”, na miongoni mwa matokeo utaona makala iitwayo “African Sage Philosophy”, iliyoandikwa na Dismas Masolo, mwanafalsafa Mkenya, na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006.

Utakachokutana nacho humo ni tofauti ambayo ndiyo kiini cha hoja ya Oruka. Yupo mzee mwenye hekima ya kijamii, anayezijua mila, methali na imani za watu wake barabara na kuzieleza kwa ufasaha, lakini haendi nje ya hapo. Na yupo mzee mwenye hekima ya kifalsafa, anayeyajua hayohayo yote lakini anayahoji, anayapima kwa akili yake, na akiona hayasimami yuko tayari kuyakataa na kueleza sababu. Kwa Oruka, huyu wa pili ni mwanafalsafa kamili hata kama hajawahi kushika kalamu. Andika tofauti hiyo katika daftari lako kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya kuendelea. Ukishindwa kuiandika, hujaielewa, na kuendelea kusoma hakutakusaidia.

Sasa fungua Internet Encyclopedia. Nayo ina makala yenye mada hiyohiyo, iliyoandikwa na Gail Presbey, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyefanya utafiti wake mwenyewe kuhusu wazee hao. Hapa ndipo kuwa na kamusi elezo mbili kunapoanza kulipa. Soma ya Presbey ukiwa na maelezo ya Masolo pembeni, utazame wanapokubaliana, wanapotofautiana katika mkazo, na mambo ambayo mmoja ameyapa kurasa huku mwingine akiyapitia kwa sentensi moja. Wanapokubaliana wote wawili, una msingi wa kuandikia. Wanapotofautiana, umeshapata swali la insha yako, na ni swali la kweli kuliko lile ambalo ungejitungia.

Hatua ya mwisho ni kuangalia bibliografia zote mbili na kuandika majina yanayojirudia. Nyuma ya mjadala huu wote yupo Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeishi Katanga na kutoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, na wapo waliompinga, akiwamo Paulin Hountondji wa Benin, waliosema kwamba imani za pamoja za jamii haziwezi kuitwa falsafa. Oruka alikuwa akitafuta njia ya kupita kati ya hao. Na kipo kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1990 chenye mahojiano na wazee, ambamo unawasikia wakijibu maswali juu ya Mungu, kifo na usawa wa mwanamume na mwanamke. Hicho ndicho unachopaswa kukitafuta sasa. Kamusi elezo imekueleza kwamba mzee fulani alifikiri kifalsafa, lakini mahojiano ndiyo ushahidi, na unaweza kuusoma ushahidi huo ukafikia uamuzi tofauti na wa Masolo na wa Presbey.

Kutafuta kwa lugha isiyo yako

Ugumu wa kutafuta kwa Kiingereza huwapata hata wanaokijua vizuri, kwa kuwa maneno ya kifalsafa hayafuati matumizi ya mitaani. Dawa yake ni kutengeneza daftari dogo la istilahi. Kila unapokutana na dhana, iandike kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiingereza upande wa pili: utashi huru, nadharia ya maarifa, mantiki, metafizikia, ujumi, maadili. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na manufaa kuliko kamusi nyingi zilizochapishwa, kwa sababu limejaa maneno uliyokutana nayo kazini.

Majina ya wanafalsafa wa Kiislamu yana shida yake ya pekee. Ibn Sina aliitwa Avicenna na wasomi wa Ulaya walioandika kwa Kilatini, na Ibn Rushd akaitwa Averroes, na kamusi elezo hutofautiana katika jina linalotangulia. Al-Ghazali ameandikwa kwa tahajia zisizopungua tatu. Ukikosa kwa jina moja, jaribu jingine kabla ya kukata tamaa. Kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe kikishindwa, tumia Google kwa kuandika site:plato.stanford.edu ikifuatiwa na neno lako, bila nafasi baada ya nukta pacha. Kwa njia hiyo Google itatafuta ndani ya kamusi elezo hiyo tu. Ni ujanja mdogo, ila unaokoa muda mwingi.

Jihadhari pia na maneno yanayofanana na ya kwetu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya istilahi katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Kwake yeye, Sasa inajumuisha wakati uliopo, yaliyopita karibuni na yajayo karibuni, na Zamani ni kama bahari ambamo matukio yote huishia kuzama. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo. Msomaji wa Kiswahili atashtuka mara moja, kwa kuwa sasa ya mazungumzo yetu si pana kiasi hicho, na lugha ambayo ina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo haionekani kuogopa siku zijazo. Mshtuko huo ni mali, uandike pembeni. Lakini unapoeleza hoja ya Mbiti, eleza maneno hayo kama alivyoyatumia yeye. Ukumbuke pia kwamba alichunguza hasa Kikamba na Kikuyu, kwa hiyo mtondogoo peke yake haimwangushi.

Kunukuu bila kujiaibisha

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilinukuu sentensi moja tamu kutoka makala ya Stanford, nikaweka anwani ya ukurasa na tarehe niliyoifungua, nikaona nimemaliza. Miezi michache baadaye mwalimu aliyekuwa akisahihisha alifungua anwani ile, na sentensi haikuwapo: mwandishi alikuwa ameirekebisha makala yake, na aya nzima imeandikwa upya. Mwalimu aliniandikia kwa wino mwekundu kwamba nimebuni nukuu. Niliweza kujitetea, lakini baada ya usumbufu mwingi, na kwa sababu tu nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo.

Jambo lenyewe ni hili. Makala za Stanford hubadilika, lakini mara nne kwa mwaka kamusi elezo yote hunakiliwa na kuhifadhiwa katika toleo lisilobadilika tena. Matoleo hayo yapo tangu mwaka 1997 na kila mtu anaweza kuyafungua. Hutolewa tarehe 21 Machi, 21 Juni, 21 Septemba na 21 Desemba, na huitwa kwa majira ya kaskazini mwa dunia: Spring, Summer, Fall na Winter. Unaponukuu, nukuu toleo hilo la kudumu, na anwani yake itakuwa na sehemu kama archives/spr2020 au archives/win2020 ndani yake. Huna haja ya kuitunga mwenyewe, kwani pembeni mwa kila makala kuna kiungo cha taarifa za mwandishi na nukuu, na ukikibonyeza unapewa marejeo yaliyokamilika, tayari kunakiliwa. Ikiwa makala imebadilishwa baada ya toleo la mwisho kuhifadhiwa, utapewa anwani ya toleo lijalo, ambayo itaanza kufunguka toleo hilo litakapotoka.

Majina hayo ya majira yaache yalivyo. Nimewahi kuona bibliografia iliyoandika “Toleo la Masika 2018”, na sikuweza kujua mwandishi alikusudia toleo lipi. Masika ya Dar es Salaam ni mvua za Machi hadi Mei, vuli yetu huanza Oktoba, na kipupwe chetu hukutana na kiangazi chao. Tafsiri ya aina hiyo humpoteza msomaji anayetaka kuhakiki.

Kwa Internet Encyclopedia hakuna matoleo ya namna hiyo, na makala zake kwa kawaida hazionyeshi tarehe ya kuchapishwa, kwa hiyo andika jina la mwandishi, kichwa cha makala, anwani na siku uliyoisoma. Kwa tahadhari, hifadhi nakala ya ukurasa siku hiyohiyo.

Kutoka kwenye maelezo hadi kwenye matini

Ikiwa makala inasema kwamba Sokrates alidai maisha yasiyochunguzwa hayafai binadamu kuyaishi, utaona pembeni alama kama Apology 38a (Apology ni kazi ya Plato). Wanaoanza huiruka, wakidhani ni ukurasa wa kitabu ambacho hawana. Ukweli ni kwamba alama hiyo inafaa kwa kila toleo zuri la Plato duniani. Inatokana na chapa ya Henri Estienne ya mwaka 1578, ambayo kurasa zake ziligawanywa kwa herufi a hadi e, na tangu hapo wafasiri wamekuwa wakiziweka alama hizo pembezoni. Aristotle naye ana alama zake, kutokana na chapa ya Berlin ya mwaka 1831 iliyohaririwa na Immanuel Bekker, na hizo huwa na tarakimu, herufi a au b, kisha mstari.

Ili kuifikia 38a bila gharama, nenda kwenye Perseus Digital Library ya Chuo Kikuu cha Tufts, ambako utapata Kiyunani na tafsiri ya Kiingereza, na ambako ukibonyeza neno la Kiyunani unaonyeshwa maana yake na umbo lake kisarufi. Sura ya tovuti hiyo ni ya kizamani na wakati mwingine huenda polepole, lakini sijui mahali pengine pa bure panapomwezesha mtu asiyesoma Kiyunani kuchungulia neno moja kwa karibu namna hiyo. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina tafsiri za Benjamin Jowett za karne ya 19, ambazo ni rahisi kupakua na hazili bando, ila matini zake nyingi hazina alama za pembezoni, na hilo hukukwaza unapotafuta kifungu kimoja.

Kwa wanafalsafa wa karne ya 17 na 18 nina upendeleo ambao siuonei haya. Tovuti ya Early Modern Texts ina kazi za Descartes, Spinoza, Locke, Hume, Kant na wenzao zilizoandikwa upya na Jonathan Bennett kwa Kiingereza chepesi cha siku hizi. Wazungumzaji wazaliwa wa Kiingereza huweza kuuona mpango huo kama deko. Sisi tunaosoma Locke katika lugha yetu ya pili au ya tatu, huku sentensi moja ikijaza nusu ukurasa, tunajua ni msaada wa namna gani. Maneno ambayo Bennett ameyaongeza huyazungushia vitone vidogo, na pale alipoacha kifungu huweka alama, kwa hiyo anayesoma kwa makini anajua muda wote ni lini anamsikia Hume na ni lini anamsikia mhariri. Tumia matini hizo kuelewa hoja, na ukishaelewa nenda kwenye matini asilia unapotaka kunukuu, kwa sababu maneno ya Bennett si maneno ya Hume.

Kwa makala za majarida ipo PhilPapers, iliyozinduliwa mwaka 2009 na David Bourget na David Chalmers. Hii si kamusi elezo; ni faharasa kubwa ya maandishi ya falsafa, iliyopangwa kwa mada, pamoja na hifadhi yake iitwayo PhilArchive, ambamo waandishi huweka makala zao ili zisomwe bure. Unapoona katika bibliografia ya Stanford jina la makala ambayo jarida linaiuza kwa dola nyingi, litafute hapa kwanza. Mara nyingi utakuta mwandishi ameweka rasimu yake. Ina kazi nyingine ambayo imekuwa muhimu siku hizi. Programu za mazungumzo za akili unde zina tabia ya kutaja kitabu kizuri kabisa cha mwandishi halisi, chenye mwaka na mchapishaji, ambacho hakijawahi kuandikwa. Kila rejeo ulilopewa na mashine litafute PhilPapers, na ukilikosa huko na katika orodha za maktaba, usilitumie.

Bando, hakimiliki na Wikipedia ya Kiswahili

Kurasa za kamusi elezo hizi ni maandishi matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hazimalizi bando. Stanford hutoa faili za PDF zilizopangwa vizuri kwa wanachama wanaolipa ada, lakini asiyelipa anaweza kufungua makala, kuchagua kuchapa katika menyu ya kivinjari, na badala ya printa akachagua kuhifadhi kama PDF. Mimi hufanya hivyo palipo na intaneti ya bure, nikapakia makala tano au sita, kisha nikazisoma safarini.

Kusoma bure na kuchapisha bure ni mambo mawili tofauti. Makala za Stanford zina hakimiliki, na anayetaka kuitafsiri moja kwa Kiswahili na kuiweka hadharani anapaswa kuomba ruhusa kwanza. Wikipedia iko tofauti: leseni yake inaruhusu kunakili, kutafsiri na kurekebisha, mradi utaje chanzo na kazi yako uiachie kwa masharti yaleyale.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala za falsafa, nyingi zikiwa fupi mno, na kwa kuwa yeyote anaweza kuzihariri, hazifai kuwa tegemeo la insha. Hata hivyo mimi huifungua mara kwa mara kutazama wengine wameliandikaje jina la mwanafalsafa au wametumia istilahi gani. Kuna jambo moja la kiufundi linalofaa kujulikana: ukiwa kwenye makala ya Kiingereza, bonyeza orodha ya lugha uchague Kiswahili, ikiwapo, na utapelekwa kwenye makala ya dhana hiyohiyo, yenye kichwa chake cha Kiswahili. Kwa njia hiyo unapata jozi ya maneno mawili kwa ajili ya daftari lako. Ikiwa Kiswahili hakimo katika orodha ile, na umeshasoma Masolo, Presbey na mahojiano ya Oruka mwenyewe, bonyeza kitufe cha kuunda ukurasa mpya, uandike aya tatu kwa maneno yako, na chini yake uweke marejeo ya toleo la kudumu ulilosoma.